Wataalamu wa SEO, mnatuuzia kazi au mnatuuzia misamiati?

Wakuu, mnivumilie, leo natoa povu. Nimemaliza kusoma ripoti ya mwezi ya hawa jamaa tunaowalipa watupandishe kwenye matokeo ya Google, na nimefika mwisho sijui kama kuna kazi iliyofanyika. Grafu za kijani, mishale inayopanda, na kila mstari una neno ambalo ukiuliza maana yake unajibiwa kwa mengine matatu magumu kuliko hilo. Nilikuwa na swali moja tu: watu wanaotufikia kupitia Google wameongezeka au hawajaongezeka? Nikajibiwa, "Kwa sasa tunajenga othoriti, trafiki ni awamu inayofuata."

Haya, tuanze na hiyo othoriti, maana ndipo damu ilipoanza kunichemka. Ripoti inajigamba kwamba Domain Authority yetu imetoka 9 imefika 21. Imeandikwa kwa herufi nene na pembeni imebandikwa nembo ya Google. Nembo ya Google, jamani! Alama hiyo Google hawaijui. Ni ya kampuni ya Moz, wanaikokotoa wenyewe kwa kipimo kinachoishia 100, wakiangalia zaidi linki zinazoelekea kwenye tovuti yako, na Moz hao hao wanasema waziwazi kuwa Google haiitumii kupanga matokeo. Ahrefs nao wana yao, Domain Rating. Semrush wana yao. Ni makadirio ya watu wanaouza zana, na sikatai kwamba yanasaidia ukitaka kujipima na mshindani wako. Google waliwahi kuonyesha alama yao wenyewe, PageRank, iliyochukua jina la Larry Page, na kuna enzi kila mwenye tovuti aliichungulia kwenye upau wa kivinjari. Mwaka 2016 waliiondoa machoni pa watu. Leo mtu akikuletea "alama yako ya Google" muulize ameitoa wapi.

Na hiyo 21 imepatikanaje? Nikaomba orodha ya baklinki, yaani linki za tovuti nyingine zinazoelekea kwetu. Nilizungushwa wee, mwisho ikaja. Tovuti za kamari. Saraka ambazo hazijaguswa na binadamu tangu zifunguliwe. Makala iliyoandikwa na mashine kuhusu dawa za kupunguza unene, halafu katikati ya aya, bila salamu wala hodi, jina letu na linki. Uchafu wote huo kwenye ripoti unaitwa "autirichi ya kimkakati". Wakati sera za Google kuhusu spamu zinakataza kabisa kununua linki ili upande kwenye matokeo, isipokuwa linki yenyewe iwekewe alama ya nofollow au sponsored, na ukishaiweka alama hiyo haikupandishi tena. Sasisho la Google liitwalo Penguin, la Aprili 2012, liliangusha tovuti nyingi kwa mchezo huu huu. Siku hizi mara nyingi Google wanazipuuza tu linki za namna hiyo. Kwa hiyo namba ya Moz inapanda, Google hawana habari, na ankara inaingia kwa wakati.

Lakini hilo ni dogo. Kilichonimaliza ni kurasa za huduma zetu, zile zenyewe tunazotaka watu wazione. Kwenye Google hazitokei kabisa. Hata ukitafuta sentensi nzima iliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa, hola. Ripoti ina aya moja kuhusu jambo hilo, nainukuu kama ilivyo: "Kuna changamoto za krolabiliti zinazohitaji bajeti ya ziada ya kiufundi." Bajeti ya ziada!

Nikafungua ukurasa mmoja kwenye kompyuta, nikabofya kitufe cha kulia, nikachagua kuona msimbo wake, nikatafuta neno robots. Nikakuta hiki hapa:

<meta name="robots" content="noindex">

Basi. Mstari mmoja. Unaiambia Google isiuonyeshe ukurasa huu kwenye matokeo. Fundi aliyejenga tovuti aliuweka kwenye kiolezo cha kurasa hizo ili zisionekane kabla hazijakamilika, na haukuondolewa. Kuufuta ni kazi ya muda wa kupiga chafya. Na sikuhitaji hata kuchimba msimbo, maana Search Console, zana ya Google ya kumwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona tovuti yake, ambayo ni bure, ilikuwa imeziorodhesha kurasa zote hizo na kuandika sababu: zimetengwa kwa tagi ya noindex. Mtu anayelipwa kila mwezi kuitazama Search Console hakuiona, au aliiona akaipa jina la kutisha ili ailipishe upya. Sijui lipi baya zaidi.

Na jina lenyewe, krolabiliti, si la tatizo hili! Wenzangu msiojua, msitishike, mambo haya yanaeleweka. Google inafanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza roboti yake, Googlebot, anapita kwenye kurasa akifuata linki, ndiko kutambaa huko. Pili, alichokisoma kinachambuliwa na kuingizwa kwenye faharasa, yaani hifadhi ya kurasa ambazo Google inaweza kuzionyesha, kama kinafaa. Tatu, mtu akitafuta kitu, yanachaguliwa ya kumwonyesha kutoka kwenye faharasa hiyo. Krolabiliti inahusu hatua ya kwanza tu, yaani je, roboti anaweza kufika na kusoma? Kwetu alikuwa anafika bila shida, anasoma, anakuta amri ya noindex, anaondoka zake. Tulikwama hatua ya pili. Sasa oneni tiba waliyopendekeza: kuzifungia kurasa hizo kwa muda kwenye robots.txt "ili kuokoa bajeti ya kutambaa", yaani kiasi cha kurasa ambazo roboti anaweza na yuko tayari kuzipitia kwenye tovuti yako. Faili hiyo inamzuia roboti asiingie. Ukimzuia asiingie, hata ukiifuta noindex kesho hataona kwamba imefutwa. Tungekaa gizani mwaka mzima tukilipia tiba. Na hiyo bajeti ya kutambaa Google wenyewe wanasema ni habari ya tovuti kubwa sana au zinazobadilika kila siku, si sisi wenye kurasa za kuhesabika.

Mengine nayapitia haraka maana nitapasuka. Wametulipisha kujaza tagi ya meta keywords, orodha ya maneno inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, wakati Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Wametupa "maneno ya LSI", eti maneno yenye uhusiano na mada ya kuchomeka ili Google ikuelewe, kitu ambacho John Mueller wa Google alisema mwaka 2019 kwamba hakipo. Wameandika "skoa ya E-E-A-T imeboreshwa", wakati hakuna skoa ya namna hiyo popote. Hivyo ni vigezo vya uzoefu, utaalamu, mamlaka na uaminifu vilivyomo kwenye mwongozo wa watu wanaoajiriwa kukagua ubora wa matokeo, E ya uzoefu iliongezwa Desemba 2022, na alama za wakaguzi hao hazipandishi wala kushusha tovuti ya mtu moja kwa moja. Halafu kwenye ukurasa wa kasi wanatusifu kwa FID nzuri. FID, kipimo cha ukurasa unavyochelewa kuitikia mtu anapougusa mara ya kwanza! Google waliiondoa Machi 2024 wakaweka INP, inayopima miguso yote, mahali pake. Yaani hata ripoti ni ya kunakili, wamebadilisha jina la mteja tu.

Turudi kwenye namba zenye maana, maana hata hizi wamezikoroga. Kuna grafu kubwa ya imprisheni, imepanda vizuri kweli. Imprisheni ni mara ambazo linki yako imetokea kwenye ukurasa wa matokeo ambao mtu ameufungua, hata kama ilikuwa chini kabisa na hakushuka kuiona. Kubofya ndiko mtu kuingia kwako. Kwenye Search Console namba hizo mbili zinakaa jirani, skrini moja, na ukipakua data zinatoka pamoja. Wao wameichora moja, nyingine wameiacha. Nimeingia mwenyewe kuangalia: mstari wa mibofyo umelala chali. Wakasema tusubiri, "wastani wa nafasi" umeboreka. Nikafungua maneno yaliyotafutwa. Yanayoshika nafasi ya kwanza ni jina la biashara yetu, jina la biashara yetu maneno yakiwa yameunganishwa, na jina la biashara yetu limekosewa herufi. Anayeandika jina letu anatujua tayari! Nani mwingine alitarajiwa kushika namba moja kwa jina letu? Ukiliweka hilo kapu moja na maneno ya huduma ambayo hayaonekani kabisa, wastani unapendeza. Ukurasa usiotokea hauna nafasi, kwa hiyo hauingii hata kwenye hesabu ya kuuharibu wastani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hawakuwa na haraka ya kuigusa ile noindex.

Mkataba wao umeandika "nafasi ya kwanza Google imehakikishwa". Ukurasa wa Google wa kuwashauri watu wanaotaka kuajiri mtu wa SEO unasema kabisa kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha. Nimewatumia linki yake. Wamenijibu kuwa wao "wana mbinu za ndani".

Najua humu kuna watu wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu, na ni kazi ngumu, siidharau. Ninyi ndio nataka mniambie: kwenye ripoti ya mwezi mnamwandikia mteja nini? Mimi nataka mibofyo isiyotokana na jina langu, kurasa zilizoingia na zilizokataliwa na faharasa pamoja na sababu, na mabadiliko mliyofanya, ukurasa gani na tarehe gani. Je, hayo ni mengi kumdai mtu? Na mkitumia neno la kitaalamu, mnashindwa nini kuongeza nusu sentensi ya kuelezea?

Mstari ule nimeshaufuta, na nimeomba kurasa zipitiwe upya kupitia Search Console. Jamaa nimewaandikia kwamba tunasitisha. Wamejibu ndani ya dakika chache, haraka kuliko walivyowahi kujibu swali lolote, wakanionya kwamba tukiondoka wataziondoa baklinki zote walizotujengea. Nimewaambia waanze na ile ya dawa za unene.