Mjadala: Shule za Nakuru, tunazipima na kipimo gani?

Wazazi wenzangu, hii maneno imenikaa rohoni tangu watoto wa Gredi 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu ya mtaala mpya, waitwe shule Januari 2026, nataka tuiongee wazi. Kila mtu hapa town ana orodha yake kichwani. Juu kabisa Nakuru High na Nakuru Girls, zinafuata bodingi zingine, alafu huko chini unasikia Nakuru Day, Langalanga, Flamingo zikitajwa ni kama adhabu. Kuna mzazi alisema mbele yetu afadhali auze ploti kuliko mtoto wake aende shule ya kutwa. Mimi napinga, na napinga kwa hesabu.

Chukua hawa watoto wa mwisho wa 8-4-4, ule mtaala wa zamani, wale walifanya KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) ya 2023 na watamaliza na KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) ya 2027. Shule ya kitaifa ilichagua wale wa 380, wa 400 kwa 500. Day ikapokea wa 250, wa 220, na hata chini ya hapo, juu sera ni kila mtoto aende sekondari, na day haikatai mtu. Sasa yule wa 400 akitoka na B hiyo ni pointi 9, na yule wa 230 akitoka na C+ hiyo ni pointi 7. Niambieni ni walimu wa wapi wamebeba mtoto kutoka mbali zaidi. Na hiyo C+ tunayoidharau ndio inampeleka mtu akasome digrii.

Wizara ilipiga marufuku kupanga shule namba moja mpaka mia huko 2014, lakini sisi wenyewe tukabaki nayo, matokeo yakitoka tu watu wanarushiana wastani wa shule bila kuuliza watahiniwa walikuwa wangapi. Shule ya watahiniwa 60 waliochaguliwa mmoja mmoja na shule ya 300 waliotoka kila pembe ya mitaa ya Kaptembwo na Rhonda haziwezi kupimwa na namba moja. Mimi nikiangalia shule nauliza vitu viwili tu, watoto waliingia na nini, na ni wangapi kati yao wote walifikisha C+.

Alafu kuna pesa. Karo rasmi ya bodingi ya kitaifa ni 53,554 kwa mwaka, hapo hujanunua godoro, sanduku, wala nauli ya kufunga shule. Day serikali inafaa kuweka 22,244 kwa kila mtoto na mzazi abaki na lanchi na yunifomu, na tunajua hiyo pesa huchelewa na saa zingine hukatwa, kwa hivyo mwalimu wa day anafundisha darasa gumu zaidi na chaki ya kukopa. Halafu tunamlinganisha.

Leteni maoni, lakini mje na sababu.

*Mwalimu wa day, upande wa Bondeni:*
Asante kwa kusema hii. Ongeza tu kwamba mimi nina mtoto saa nane kwa siku na mwenzangu wa bodingi anaye mpaka prepu ya usiku. Wangu akifika nyumbani anateka maji, anaangalia wadogo wake, stima ikiwa imekatwa basi hakuna kusoma. Na ile ya lanchi si kitu kidogo, mtoto asiyelipiwa anakaa na njaa ama anabaki nyumbani, na hesabu ya alasiri ndio huwa inampita.

*Mama wa wavulana wawili, Free Area:*
Mimi sikubaliani. Wa kwanza alienda day, sitaja gani, Fomu 2 akaanza kushinda kwa base ya boda na hakuna mtu shuleni alinipigia simu. Niliambiwa muhula ukiisha. Wa pili nimempeleka bodingi na nalala. Hesabu yako ya pointi haiwezi kunirudishia miaka ya yule wa kwanza.

*Jibu langu:*
Mama, pole sana, na hilo silipingi hata kidogo. Shule isiyopigia mzazi simu mtoto akikosa siku tatu imeshindwa na kazi yake, iwe ya kutwa ama ya kulala. Lakini ona, hapo umepima shule na kitu cha maana kuliko wastani, umepima kama inamjua mtoto wako. Hicho ndicho tungekuwa tunauliza siku ya kuripoti, na kuna bodingi kubwa sana ambazo mtoto anapotea ndani ya geti na mzazi anajua siku ya wazazi.

Mwalimu, hiyo ya lanchi ndio mimi ningeanza nayo kabla ya basi la shule, kabla ya geti mpya. Wazazi waliosomea hizo day na sasa wako na kazi wanaweza kulipia watoto kadhaa kila mmoja, badala ya michango yetu yote kwenda kwa zile shule kubwa zenye majina.

Na kuna jambo linanipa wasiwasi kuliko yote. Sasa shule za sekondari ya juu zimepangwa kwa makundi manne, C1 mpaka C4, za kitaifa ziko C1 na hizi day zetu nyingi ziko C4, na zote zinatarajiwa kuwa na mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu). Mtoto aliyepata EE, ile alama ya juu kabisa, kwa hesabu na sayansi kwa KJSEA (mtihani wa mwisho wa Gredi 9) na mzazi hana 53,554 ataenda C4, na ana haki ya fizikia yenye mwalimu na labu yenye vifaa, si fizikia ya kuchorewa ubaoni. Kwa hivyo nyinyi mko na watoto wa Gredi 10 kwa day yoyote ya hapa Nakuru, andikeni hapa chini: wamepewa masomo gani matatu, ni lipi halina mwalimu mpaka leo, na wameingia labu mara ngapi. Nikikusanya hayo nitayabeba kwa mkutano wa wazazi na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na yeyote anayeweza kuja na mimi aseme.