Grupu la kriketi: Jumamosi kuna mechi au hakuna?

KRIKETI JUMAMOSI 🏏 LEICESTER

Alhamisi, 3 Agosti 2023

Katibu Salim, 19:02
Assalaam alaykum na habari za jioni nyote. Jumamosi tuko nyumbani. Shilingi inarushwa saa 6 na nusu, mpira wa kwanza saa 7. Nataka majina 11 kabla sijalala. Andikeni hapa chini.

Katibu Salim, 19:03
1. Salim

Katibu Salim, 19:41
Watu 34 wamesoma. Jina ni moja, nalo ni langu.

Juma wa Dar, 19:58
Katibu umeangalia mbingu lakini? Niko hapa Belgrave Road, barabara imekuwa Msimbazi

Katibu Salim, 19:58
Mbingu si kazi yako. Jina.

Juma wa Dar, 20:03
2. Juma (mvua ikiruhusu)

Katibu Salim, 20:03
Ondoa hayo mabano.

Mama Nasra, 20:20
Salim mwanangu mimi nauliza la sambusa tu. Mechi iliyopita nimekaanga mia nzima, saa 6 mnaniambia imefutwa. Na ile ya kabla yake vilevile. Safari hii sichomi manda mpaka nijue moja.

Juma wa Dar, 20:22
Lakini hazikuharibika Mama. Mimi nilichukua kisahani

Mama Nasra, 20:23
Kisahani? Ulibeba sufuria na kifuniko chake. Mpaka leo sijakiona.

Arif, 20:31
Ami saa 7 ni ya mchana au ya asubuhi?

Katibu Salim, 20:31
Mchana Arif. MCHANA.

Rukia, 20:33
😂😂😂 mwaka jana alifika saa moja asubuhi na pedi mguuni, wanaotembeza mbwa wanamsalimia

Arif, 20:34
ilikuwa mara moja tu jamani. andikeni saa za simu

Ijumaa, 4 Agosti 2023

Katibu Salim, 07:15
Majina bado 2. Naeleza kwa mara ya mwisho. Mechi ikifutwa na waamuzi uwanjani, kila timu inapata pointi 5. Timu isiyofika haipati kitu na inakatwa 10. Sisi ni wa pili kutoka chini. Mwezi wa saba wote tumemaliza mechi moja, zilizobaki zimekwenda na maji. Hata usirushwe mpira mmoja, tukionekana pale tumevaa nyeupe tumepata 5. Tukikaa vitandani tumeshuka daraja. Sasa nani hajaelewa?

Juma wa Dar, 08:40
Kwa hiyo tunakwenda kucheza kusimama

Katibu Salim, 08:41
Ndiyo. Kusimama. 2003 New Zealand walikataa kwenda Nairobi wakisema usalama hautoshi. Kenya ikapewa pointi bila jasho. Pointi zile zilisaidia, Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Asiyefika anampa mwenzake. Fikeni.

Abuu Mombasa, 08:44
Wee Salim usitupunguzie. Sri Lanka tuliwapiga ndani ya uwanja, Nairobi hiyohiyo. Collins Obuya aliwatoa wapigaji 5 kwa mikimbio 24. Hiyo nayo ni kusimama?

Katibu Salim, 08:45
Abuu wewe uko Mombasa, huchezi Jumamosi. Tuachie nafasi.

Abuu Mombasa, 08:46
Niko Mombasa na hapa jua linawaka 😎 ila upepo wa kusi mkali kidogo. Na 1996 je? Pune, India? West Indies ya Lara na Richie Richardson, tukawatoa wote kwa mikimbio 93. Sisi tulikuwa na 166 tu

Juma wa Dar, 08:49
Ilikuwa 29 Februari. Ndiyo maana Kenya nao wanashinda kila baada ya miaka 4

Abuu Mombasa, 08:49
Tanzania mnashinda tarehe ngapi?

Juma wa Dar, 08:52
Ujumbe huu umefutwa

Katibu Salim, 08:53
MAJINA.

Rukia, 12:10
3. Rukia (kitabu cha alama, sichezi)
Ami Salim na ikinyesha katikati? Nije na hesabu ya Duckworth-Lewis au tunagawanya kwa ova kama zamani? Wageni wataniuliza mimi, si wewe.

Bi Mwanaisha, 12:25
Hiyo Dakwathi ni dawa?

Rukia, 12:31
Hapana shangazi 😂 ni hesabu ya mvua. Zamani walikuwa wakikata ova, yaani mafungu ya mipira sita, wanapunguza mikimbio kwa njia mbovu. 1992 Sydney, Afrika Kusini walibakiwa na mipira 13 wapate mikimbio 22. Mvua ikanyesha dakika chache, wakarudi ubao unasema 22 kwa mpira MMOJA. Ndipo Duckworth na Lewis wakaja na hesabu nyingine: timu haina ova tu, ina ova na wiketi, yaani wapigaji ambao hawajatolewa. Ukininyang'anya ova 10 nikiwa sijapoteza hata mpigaji mmoja, umeniumiza zaidi kuliko nikiwa nimebaki na wawili. Imeanza kutumika 1997. Stern amekuja kuirekebisha baadaye ndiyo ikawa DLS

Juma wa Dar, 12:36
Na walewale Afrika Kusini 2003 Durban wakaisoma karatasi ya hesabu hiyo vibaya. Boucher kapiga mikimbio sita, akadhani wameshinda, mpira uliofuata akauzuia tu. Kumbe ile namba ilikuwa ya sare. Mvua ikamaliza mechi wakatoka mashindanoni kwao wenyewe. Sijui wana ugomvi gani na mvua wale

Rukia, 12:37
Ndiyo maana nauliza MAPEMA

Katibu Salim, 12:50
Rukia tufike kwanza. Hesabu ni ya watu waliofika.

Katibu Salim, 12:51
Haya kingine. Pichi, ile njia ya katikati, lazima ifunikwe leo usiku. Turubai liko wapi?

Katibu Salim, 13:40
Nimeuliza turubai liko wapi.

Katibu Salim, 15:05
Nahodha?

Juma wa Dar, 15:20
Hata tukifunika. Old Trafford ya kriketi wana vifuniko vya magurudumu na mashine za kukausha, na wiki mbili zilizopita siku ya mwisho Stokes na England yake walikaa ndani kutwa, kombe la Ashes likabaki kwa Australia. Sisi tuna Arif na sponji

Arif, 15:21
sponji lenyewe la kuoshea gari la baba

Katibu Salim, 16:02
Mnacheka. Basi niseme. Tulichanga turubai jipya, kila mtu alitoa. Likatoka stoo likaenda kusimama harusini huko Oadby, likarudi na tundu la kupitisha kichwa. Mimi sikuomba maelezo siku ile. Leo naomba.

Mama Nasra, 16:04
Salim.

Juma wa Dar, 16:05
Loo. Tumefika kwenye turubai

Hamid Nahodha, 17:48
Nimetoka kazini sasa hivi nakuta haya. Salim, harusi ile ulikula biriani sahani mbili chini ya turubai hilohilo, hukuona tundu. Tukianza kuhesabiana, tuanze na mechi ya Loughborough. Kitabu cha alama kiliachwa juu ya benchi mvua inanyesha, wino wote ukapotea na ushindi wetu ukapotea nao. Nani aliyekuwa nacho?

Katibu Salim, 17:50
Usilete Loughborough.

Hamid Nahodha, 17:50
Usilete Oadby.

Abuu Mombasa, 18:02
🍿

Bi Mwanaisha, 18:15
Televisheni inasema kesho kuna tufani, wameipa na jina, Antoni. Mtacheza na Antoni?

Abuu Mombasa, 18:17
Antoni namjua, nimesoma naye Ganjoni. Hajawahi kufika popote kwa wakati. Chezeni

Rukia, 18:20
😂😂 upepo mkubwa uko kusini magharibi na Wales shangazi. Huku kwetu ni mvua

Katibu Salim, 18:22
Majina 2 na mwandishi. Wageni wananipigia simu. Niwaambie nini?

Mzee Sefu, 21:14
Assalaam alaykum. Nimesoma yote tangu jana, macho yamenichoka. Turubai lile nililitoa mimi. Hamid aliniomba, nikampa ufunguo wa stoo kwa mkono wangu. Na kabla ya harusi ya dada yake, Salim, turubai lilisimama siku tatu nyuma ya nyumba yenu tulipomzika baba yako, na mvua ilikuwa kama hii. Siku ile hakuna aliyekuja kuhesabu matundu.
Kesho mtakwenda. Mtavaa nyeupe, mtawapa wageni mkono. Pichi msiikanyage na viatu vya misumari kabla mwamuzi hajaiona, udongo ule ukivurugwa umelowa hautengemai tena mpaka mwakani. Mechi ikifa ife mkononi mwa mwamuzi, isife kwenye simu. Usiku mwema.

Katibu Salim, 22:01
Nimekusikia Babu.

Mama Nasra, 22:05
Allah amrehemu baba yako Salim. Nitachoma manda nusu. Nyama na dengu. Zikibaki msiniulize.

Hamid Nahodha, 22:12
Shikamoo Mzee. 4. Hamid. Turubai liko gerejini kwangu ila haliingii kwenye gari langu. Mwenye vani?

Yusuf K., 22:14
5

Arif, 22:15
6. Arif na 7. rafiki yangu wa chuo, hajawahi kucheza ila anakimbia sana

Katibu Salim, 22:16
Amesajiliwa?

Arif, 22:30
kusajiliwa ni nini

Hamid Nahodha, 22:47
Vani jamani. Nani ana vani.

Jumamosi, 5 Agosti 2023

Katibu Salim, 06:40
Turubai lilikwenda?

Hamid Nahodha, 08:55
Halikwenda. Hakuna aliyejibu vani.

Juma wa Dar, 09:02
Mimi nina vani

Hamid Nahodha, 09:02
JUMA

Juma wa Dar, 09:03
Nililala mapema jamani, Mzee alishasema usiku mwema

Hamid Nahodha, 10:35
Niko uwanjani na raba, sijaingia katikati. Nimekanyaga pembeni tu, pale mrushaji anapoanzia mbio upande wa miti. Kiatu kimeacha alama, nikatoa mguu, alama imejaa maji yenyewe. Mwamuzi atakwenda hapo kwanza. Pichi yenyewe kwa mbali inang'aa.

[picha]

Abuu Mombasa, 10:41
Hapo weka samaki

Rukia, 10:52
Ami Salim bado hujanijibu. Ova zikikatwa tunatumia hesabu gani? Nimechapisha zote mbili, nimezitia kwenye mfuko wa plastiki.

Katibu Salim, 11:03
Umefanya vizuri.

Rukia, 11:03
Hilo si jibu

Katibu Salim, 11:20
Wageni wameshatoka kwao. Nina 9 nikihesabu na rafiki wa Arif. Nani mwingine? Yusuf leta na mdogo wako.

Yusuf K., 11:38
Ana mtihani wa gari

Bi Mwanaisha, 11:40
Katika mvua hii? Mwenyezi Mungu amsaidie

Mama Nasra, 11:44
Sambusa ziko tayari, hamsini. Nani ananifuata? Sipandi basi na kapu la moto.

Katibu Salim, 12:33
Shilingi haijarushwa. Waamuzi wamezunguka mara moja, mmoja anataka kufuta, mwenzake anasema wangoje mpaka saa 8, mawingu upande wa Birmingham yanafunguka. Wageni wamefika 12, wamekaa ndani ya magari wakinywa chai yao.

Hamid Nahodha, 12:36
Saa 8 kukiwa kukavu kidogo tutapata ova 20 kila upande. Mimi nataka kucheza. Salim wewe unataka 5 zako au unataka mechi?

Katibu Salim, 12:38
Nataka watu 11 kwanza.

Rukia, 12:38
Ova 20 ni KUKATWA. Hesabu gani??

Katibu Salim, 12:51
Nahodha wao ametuhesabu kwa kidole, tuko 9. Ameniuliza wengine wako wapi. Nimemwambia wanaegesha magari.

Juma wa Dar, 12:54
Mimi kweli naegesha, nina Mama Nasra na kapu mbele, nyuma turubai. Mashine imeikataa kadi. Nani ana sarafu?