Kanda za kaka za rap ya redioni: nizihamishe vipi, na je, nikate maneno ya mtangazaji?

Mwana58, Nakuru

Wadau, habari zenu. Marehemu kaka yangu ameacha katoni ya kanda hapa nyumbani, Section 58. Alisoma Nairobi wakati Capital FM ingali changa, maana ilianza 1996, na usiku wa kipindi cha rap hakuna aliyemwita akaitika. Anakaa kando ya redio kaseti, kidole juu ya kitufe. Likizo ikifika anarudi Nakuru na begi lenye kanda nyingi kuliko nguo. Nyingi ni TDK D90. Kwenye lebo ameandika kwa kalamu ya buluu mwezi, mwaka na neno USIFUTE, halafu akavunja vile vijino vya juu ili mtu asirekodi juu yake.

Moja haina tarehe. Nimeisikiliza kidogo tu. Inaanzia kwenye mkia wa taarifa ya habari, barabara zimekatika kwa mvua ya El Niño, kisha tangazo la sabuni linaimbwa, kisha mtangazaji anasalimia Eastlands ya Nairobi mtaa kwa mtaa. Kalamashaka, kundi la rap la Dandora, wanaingia na wimbo wao Tafsiri Hii na yeye bado anaongea juu ya biti. Wimbo wenyewe naupata kwenye intaneti wakati wowote. Lakini huyu anayewataja vijana wa Dandora kama majirani zake, usiku ule, sijamsikia kwingine.

Ziko pia chache ambazo si za redio. Ni demo za vijana wa Langalanga: kinanda, maiki moja, na mlango unabishwa katikati ya ubeti wa pili na mtu anasema "ngoja kwanza".

Sasa kuna kijana wa kuhamisha nyimbo mjini anayesema atanitilia zote kwenye flashi na "kunisafishia", yaani maneno na matangazo yatoke, zibaki nyimbo tupu. Moyo wangu umekataa. Naomba ushauri wa mtu anayejua kazi hii. Kanda moja sauti yake imefifia, herufi "s" hazisikiki kabisa, na nyingine ina unga mweupe pembeni.

Otieno_B

Pole kwa kaka. Lakini kwa kweli mwache akate. Nani atakaa asikilize tangazo la sabuni la 1997?

FundiKondele, Kisumu

Dada, pole sana. Usimpe mtu yeyote hiyo katoni. Kazi hii utaifanya mwenyewe hapo mezani.

Ile yenye unga mweupe itenge leo hii kwenye mfuko wake. Hiyo ni ukungu. Usiiweke kwenye deki, itachafua hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, na kuambukiza nyingine zote. Huku karibu na ziwa tunaziona sana.

Kabla ya kucheza chochote, chukua pamba na spiriti, pangusa hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe. Kigurudumu cha mpira kipanguse pia, lakini spiriti isizidi, maana mpira hukauka na kupasuka. Kisha tazama ndani ya kanda, pale katikati ambapo hedi hugusa: pana kijisponji juu ya kibati chembamba. Gundi yake huzeeka, kikadondoka, na hapo sauti inakuwa hafifu hata kama utepe ni mzima. Kama kimetoka, na kanda yako ina skrubu tano, fungua taratibu uhamishe utepe kwenye ganda la kanda nyingine. Zile zilizogandishwa bila skrubu niletee.

Kama sponji ipo na bado "s" hazisikiki, hedi ya deki yako haijakaa pembe moja na hedi iliyorekodi. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Kanda ikicheza, izungushe kidogo sana kwa bisibisi, huku na huku, masikio yako yakiwa kwenye matoazi, ile milio mikali ya ngoma. Utasikia yanapofunguka. Simama hapo hapo. Kanda zote alizorekodi kaka kwa redio ile moja zitataka pembe hiyo hiyo.

Usitumie tundu la maiki la laptopu, mara nyingi ni mono na sauti hupasuka. Tafuta kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia stereo. Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi WAV, biti 24, kilohezi 48, vilele vya sauti kwenye kipimo visipite desibeli 6 chini ya sufuri. Kanda ya dakika 90 itakula kama GB 1.5, kwa hiyo nunua diski, si flashi. Na urekodi upande mzima bila kusimamisha.

Kuhusu kukata, hapana. Faili la kwanza haliguswi. Ukitaka nyimbo tupu za kusikiliza kwenye gari, kata nakala.

wa_Milimani

Otieno, angalia New York. Kipindi cha rap cha Stretch Armstrong na Bobbito kilikuwa redio ya chuo, WKCR 89.9, usiku wa manane, 1990 hadi 1998. Big L na Jay-Z walighani pale 1995, Jay-Z akiwa bado hajatoa albamu. Kwa miaka mingi watu walikifahamu kipindi kile kwa kanda za waliokesha nyumbani wakirekodi. Wanaozitafuta leo wanataka na mazungumzo, na simu, na utani wa studio.

Hapa kwetu nani alirekodi redio ikicheza Otonglo Time, wimbo wa Poxi Presha, rap ya Kiluo redioni Nairobi? Dada, ukikuta hiyo kwenye katoni tafadhali sema.

Angalizo moja. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50, na matangazo ya redio vivyo hivyo. Kuhifadhi nyumbani ni jambo moja, kupandisha mtandaoni ni jingine.

Mwana58, Nakuru

Ahsanteni sana. Fundi, sponji imedondoka kweli, nimeikuta ndani ya kasha, na ganda lina skrubu.

Otieno, bila ile taarifa ya habari nisingejua kanda isiyo na tarehe ni ya wakati gani. El Niño ndiyo iliyoniambia ni 1997 au mwanzo wa 1998. Kijana wa mjini angeanza kukata hapo hapo.

Za Langalanga nimempata mmoja wa waliorap, siku hizi anauza vipuri. Hakujua kama kuna nakala iliyobaki. Nimemwambia hakuna mtu atakayeisikia kabla yake na wenzake, na wao ndio watakaosema kama itoke au ibaki. Amesema atawatafuta wenzake na watakuja hapa nyumbani Jumapili. Fundi, naomba bei ya ile kadi ya USB huko Kisumu, hapa naona wanapandisha.