Testi ya kazi ya fundi wa rezo (mtandao wa kompyuta), Lubumbashi: nijiandae na nini?

Kijana_wa_Kisanga: Jambo kwenu wote. Kampuni inayohudumia migodi inatafuta fundi wa kompyuta na rezo, makao Lubumbashi, na safari za Kolwezi. Kuna testi ya mikono ya dakika 45, halafu mahojiano ya video kwa Kifaransa na mkuu aliye Kinshasa. Nadharia ya chuo ninayo. Kwenye mikono wanapenda kuweka nini?

Fundi_Kamalondo: Kebo kwanza. Mpangilio B wa rangi za nyaya, kuanzia pini ya 1: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi huanguka kwa kupanga jozi zikifuatana tu, 1-2, 3-4, 5-6, 7-8. Kipimo kitawasha taa zote nane, na bado rezo itasuasua, maana pini 3 na 6 lazima ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja. Usifungue msokoto zaidi ya mm 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa cha RJ45 (plagi ya kebo ya rezo) ili kibanio kilishike. Nyaya zikionekana nje, msahihishaji hana haja hata ya kipimo.

Halafu watakupa mashini "isiyo na intaneti". Andika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya mashini kwenye rezo. Ukiona anwani ya 169.254, DHCP (huduma inayogawa anwani) haikujibu: tazama kebo, swichi, seva. Usikimbilie DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba). Anwani ikiwa sawa, piga ping (ujumbe mfupi wa kujaribu kama kuna jibu) kwa geti ya rezo (mlango wa kutokea nje), kisha 8.8.8.8 (seva ya Google kwenye intaneti), kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likakataa, hapo ndipo DNS inashukiwa. Sema kwa sauti unachofanya na kwa nini. Ukirekebisha kimya kimya utaonekana umebahatisha.

Mama_Seva: Yaya (kaka yetu Fundi) amesema vema, ila asisahau hesabu. 192.168.10.70/26 iko kwenye rezo gani? /26 hugawa anwani katika vipande vya 64: ni rezo ya .64, broadcast (anwani ya kufikia wote) ni .127, nafasi ya mashini 62. Ifanye bila kikokotoo.

Na kibodi! Kwenye AZERTY (kibodi ya Kifaransa), tarakimu na nukta zinahitaji Shift, kwa hiyo kuandika anwani za IP kwenye laptop isiyo na namba za pembeni kunakula dakika. Neno la siri likikataliwa, tazama kwanza lugha ya kibodi kabla ya kulaumu akaunti.

Kwa Kolwezi wanaweza kukuuliza habari za setilaiti. Ile iliyo km 36,000 juu hutoa ping ya milisekunde 600 hivi. Usiseme ni hitilafu, ni umbali.

Grand_Katuba: Saa! Wakikuandikia 10h00 ya Kinshasa, hapa ni 11h00. Bora hivyo kuliko kinyume chake, lakini uliza wanatumia saa ya wapi. Umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa) nao una tabia zake: chaji laptop, na uweke megabaiti kwenye simu.

Swali la ondulere (UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) huja pia: kwa nini printa ya leza haichomekwi upande wa betri? Kwa sababu ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla, ondulere inazidiwa na kuzima hata seva iliyo pembeni yake.

Kijana_wa_Kisanga: Aksanti sana. Koleo la RJ45 nilete langu?

Fundi_Kamalondo: Leta, na vichwa vitano vya akiba. Koleo la kukopa likiwa na meno yaliyochakaa halishindilii pini hadi chini, na kosa litaandikwa kwako.