Naomba ushauri: kumpendekeza mama yetu apewe medali Kanada

Habarini ndugu zangu, hasa mlioko Kanada. Hapa Winnipeg tuna mama mmoja Mkongo, tangu 2009 anapokea wakimbizi wapya bila kulipwa hata senti, buti la gari lake limejaa makoti ya baridi ya watoto, usiku wa manane ukimpigia anakuja kukutafsiria hospitali. Nataka nimpendekeze kwa Gavana Mkuu, yule mwakilishi wa Mfalme hapa Kanada anayetoa medali, maana mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza mwenzake.

Order of Canada, ile nishani ya heshima ya taifa ya tangu 1967, naona ni ya walioitumikia nchi kwa ngazi kubwa sana, sasa kuna Sovereign's Medal for Volunteers ya watu wa kujitolea nayo naona ndo inamfaa kabisa. Nimeanza kujaza fomu mtandaoni nikakwama kwenye wadhamini, yaani watu wa kuthibitisha kazi yake, niliowaomba wote ni wale aliowasaidia na Kiingereza chao bado kidogo, mwalimu mmoja alikubali ila mpaka leo kimya.

Kwa aliyewahi kufanya hili: barua za waliosaidiwa zina uzito au wanataka watu wenye vyeo? Na yeye nimwambie au nikae kimya kwanza? Sitaki aumie moyo ikikataliwa.