MREJESHO: Kufunga skrini haraka bila kuweka programu yoyote

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kufunga skrini ya kompyuta kwa haraka ninaponyanyuka kazini, maana faili za wateja huwa wazi na watu wanapita nyuma yangu.

Jibu lililonifaa ni lile la kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Skrini inajifunga papo hapo, na ukirudi ukaweka nywila unakuta kila kitu kama ulivyokiacha. Hata faili lililokuwa likipakuliwa linaendelea. Mwenzangu wa Mac anatumia Control, Command na Q, nayo inafanya kazi vizuri.

Nimejaribu pia ile ya kuunganisha simu kwa bluetooth ili kompyuta ijifunge nikiondoka na simu hiyo. Inafanya kazi, lakini inachelewa kidogo, na kwangu muda huo ndio wa hatari. Nimeiacha iwe akiba tu, siku nikisahau kubonyeza.

Kama akaunti yako haina nywila, wekeni kwanza jamani. Bila hiyo, yeyote anabonyeza Enter na kuingia.

Asanteni sana nyote mlionijibu.