ESP32-CAM nne kwa ESP-NOW, picha zinafika nusu: nihamie H.264?

bwawani: Wakuu, kamera nne za ESP32-CAM (bodi ndogo za chipu ya ESP32 zenye kamera) zinachunga mabwawa ya samaki. Kila moja inatuma picha za JPEG za 320×240 kwa ESP-NOW, njia ya chipu hizo kutumiana data bila waya na bila ruta, kwa brodikasti (tangazo kwa wote walio karibu) kwenda kipokezi kimoja, kama baiti 6,000 kwa picha, fremu 10 kwa sekunde. Nyingi zinafika juu safi, chini kijivu au rangi zimehama. Nikibana kwa H.264, ile njia ya kubana video, si data itapungua?

mkanda_mwembamba: Itapungua hewani, lakini mzigo utahamia kwenye chipu. ESP32 hiyo haina kisimbaji (saketi maalumu ya kubana) cha H.264, kila kitu kitafanywa na programu. Chukua kutafuta mwendo peke yake, yaani kila kipande cha picha kimehamia wapi: fremu ina vipande 300 vya 16×16, na ukitafuta pikseli 8 kila upande ni nafasi 289 kwa kila kipande, kila nafasi pikseli 256. Hiyo ni milioni 22 na ushee za kulinganisha pikseli, kwa fremu moja! Tena fremu zake hutegemeana; pakiti moja ikipotea, doa linabaki mpaka fremu kamili ijayo.

Piga hesabu: 6,000×8×10×4 ni kilobiti 1,920 kwa sekunde. ESP-NOW kwa kawaida hutuma kwa megabiti 1. Haiingii kabisa. Shuka hadi fremu 2, unabaki na kilobiti 384 na nafasi ya kurudia zilizopotea.

antena2: Na achana na brodikasti, haina uthibitisho wa kupokelewa. Tuma kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kipokezi, na usitoe pakiti nyingine kabla hujapata jibu la iliyotangulia. Pakiti ya ESP-NOW toleo la 1 inabeba hadi baiti 250. Nne ziwe za namba ya fremu, namba ya pakiti na jumla, kwa hiyo picha ni pakiti 25. Picha ikiisha, kipokezi kijibu baiti 4, biti moja kwa kila pakiti, kuonyesha zipi hazijafika.

Rangi zinahama kwa sababu JPEG huandika wastani wa kila kipande cha 8×8 kama tofauti na kilichotangulia. Ukikosa kimoja, vinavyofuata vyote vinapotoka.

mkanda_mwembamba: Zaidi ya hapo, usitume bwawa lililotulia. Fungua JPEG kwa kipimo cha 1/8, unapata 40×30, nukta 1,200. Linganisha na picha ya nyuma, yaani ile uliyohifadhi ya bwawa likiwa limetulia. Anza na nukta 25 zilizobadilika mwangaza kwa zaidi ya 15, ndipo utume.

bwawani: Wingu likipita je?

mkanda_mwembamba: Zikibadilika nukta zaidi ya 600 kwa mpigo, hesabu kuwa ni mwanga. Badilisha picha ya nyuma, usitume.